Gari Limelala, Betri Imekesha

Pita mitaa ya Boko, Bunju au Mbweni upande wa Kinondoni, kisha vuka jiji la Dar es Salaam uende Chamazi, Buza na Mbagala upande wa Temeke. Kote huko, nyuma ya mageti, utakuta magari yaliyolazwa. Mengi yake ni mazima. Mwenye moja ni mtumishi wa umma aliyehamia Dodoma baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko, na nyumbani anakuja mara moja moja. Mwingine yuko Muscat, gari kamwachia shemeji. Mwingine ana Alphard ambayo kazi yake ni harusi, misiba na safari ya Moshi ya Desemba. Na wapo ambao hawajaenda popote: bei ya mafuta imewarudisha kwenye daladala, gari linatoka Jumapili kwenda kanisani, na likishaingia getini ni mpaka Jumapili nyingine.

Siku linapotakiwa kwa haraka, ufunguo unazungushwa na kinachojibu ni tik-tik-tik. Taa za dashibodi zinafifia. Fundi anaitwa, anakuja na nyaya za kubustia, gari linawaka, kesho yake halijiwezi tena. Hukumu inatoka: "Bosi, hii betri imekufa, tukachukue nyingine." Mwenye gari anatoa pesa, na baada ya mwaka au miaka miwili anatoa tena. Wengi wamekwishaizoea gharama hiyo kama walivyozoea ushuru. Mimi naona sehemu kubwa yake haina sababu, na kwamba betri nyingi zinazotupwa Dar es Salaam zimeuawa na namna tunavyozilaza.

Ulaya na Amerika Kaskazini suala hili lina msimu wake. Huko watu wana magari ya kupigia kambi, yenye kitanda, jiko na friji ndani, ambayo wengi huyalaza tangu Novemba hadi Machi wakisubiri theluji ipite. Ushauri wa kuilinda betri kipindi hicho umejaa kwenye vitabu vya magari, nasi tumeurithi pamoja na dhana iliyo ndani yake: kwamba adui wa betri ni baridi. Kwa kuwa Dar haina theluji, tunajihesabu tumesalimika.

Sivyo. Baridi hupunguza nguvu ya betri siku ile unapowasha gari, kwa sababu kemia yake inazubaa na oili ya injini inakuwa nzito. Lakini betri iliyojaa, ikiachwa imetulia mahali pa baridi, inahifadhika vizuri kuliko ikiachwa penye joto. Chaji yake inapotea polepole, na asidi ya ndani haigandi mpaka zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Inayoganda ni betri iliyoachwa tupu; hiyo huanza karibu na nyuzi 7 tu chini ya sifuri. Maana yake hata huko kwenye theluji, kinachoua ni utupu, na baridi inakuja kummalizia aliyekwisha kudhoofika.

Joto ndilo linalofanya kazi usiku na mchana. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria: kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya betri kujimaliza yenyewe inakaribia kuwa maradufu, na umri wake unakaribia kukatwa nusu. Mchana wa Januari na Februari hapa Dar hufika nyuzi 32. Hata Julai, mwezi ambao watu wa Pwani wanavaa masweta asubuhi, mchana unafika 28 au 29. Chini ya boneti ya gari lililoegeshwa kwenye jua la Mbagala ni zaidi ya hapo. Vitabu vya wenye baridi vinasema ikague betri iliyolazwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa Dar, mwezi mmoja ni mwingi.

Ndani ya betri ya kawaida ya gari kuna vyumba sita, kila kimoja chenye bamba za madini ya risasi zilizozama kwenye maji yenye asidi ya salfa. Betri ikitoa umeme, asidi inaungana na bamba na kuacha utando wa salfeti. Ukichaji, utando unayeyuka na kurudi kwenye asidi. Mpaka hapo hakuna kilichoharibika, ndiyo kazi yake. Balaa ni utando huo kuachwa ukae. Salfeti mpya ni laini. Ikikaa wiki kadhaa inashikamana na kuwa ngumu, kama ukoko uliolala kwenye sufuria, na kuanzia hapo kila chaji unayotia inakuta nafasi imepungua. Betri ya ampea-saa 45 inakuwa ya 30, halafu ya 20. Mita inaonyesha ina volti, lakini stata ikiomba nguvu hakuna.

Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya gari lililolala ni hili: betri imekaa siku ngapi ikiwa haijajaa? Jibu lake linapimika, na kipimo chake ni mita ya umeme ya mkononi, ile ndogo ya bei nafuu inayouzwa Kariakoo na kwenye maduka ya vifaa vya umeme karibu kila mtaa. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, gusa vichwa viwili vya betri. Volti 12.6 au 12.7 maana yake imejaa. 12.4 imebaki robo tatu. 12.2 ni nusu. Ikisoma 12.0 imebaki robo hivi, na salfeti inagandamana wakati unasoma sentensi hii. Wengi wanaiona 12.0 na kufurahi kwamba "betri si ni ya volti 12, iko sawa." Tofauti ya nusu volti ndiyo tofauti kati ya betri nzima na betri inayokwenda kaburini, na hakuna kifaa kingine ambacho ningemshauri mwenye gari akinunue kabla ya hicho.

Nani anaimaliza betri wakati gari limelala? Kujimaliza kwake yenyewe ni kidogo: katika joto letu labda asilimia 5 au zaidi kidogo kwa mwezi. Mwizi mkubwa yuko ndani ya gari. Saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini, alamu, na pokezi la ufunguo wa mbali ambalo linasikiliza usiku kucha likimngoja mwenyewe. Juu ya hivyo siku hizi kuna traka. Gari la mkataba, gari la mkopo, gari la kubebea abiria kwa programu ya simu, hata gari la familia lililoachwa kwa shemeji, limefungwa traka ili mwenyewe ajue liko wapi. Kila mara inapotuma taarifa kwenye mtandao wa simu inakunywa betri.

Tufanye hesabu. Vyote hivyo kwa pamoja vikila miliampea 40, kiasi ambacho hakuna fundi atakayekiita hitilafu, kwa siku vinameza karibu ampea-saa 1. Gari dogo la Toyota mara nyingi linabeba betri ya ampea-saa 35 hadi 45. Siku 23 zikipita, nusu ya betri ya 45 imekwenda, na ikiwa ni betri yenye miaka miwili mgongoni haitawasha gari. Mtumishi wetu wa Dodoma anayerudi kila mwisho wa mwezi anakuta gari limekufa, kisha analaumu duka lililomuuzia betri. Traka iliyofungwa vibaya, au taa ya buti isiyozimika, inaweza kula mara kadhaa ya hapo, na siku 23 zikawa wiki moja. Joto linaiua betri kwa miaka; hawa wanaiua kwa wiki.

Dawa inayojulikana kuliko zote mitaani ni kuliwasha gari. Shemeji anapigiwa simu: "Naomba uwe unaniwashia gari kila Jumamosi, dakika kumi tu." Shemeji mwaminifu anawasha, anaketi ndani, anafungulia redio na kiyoyozi maana ni joto, dakika kumi zikitimia anazima. Nia ni njema lakini hesabu haikubali. Kwa wiki betri imepoteza ampea-saa 7. Injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, alteneta inazunguka polepole, na baada ya kulisha feni, redio na kiyoyozi, ikiweza kuipa betri ampea 15 imejitahidi. Dakika kumi za ampea 15 ni ampea-saa 2 na nusu. Deni la wiki halijafika hata nusu, na Jumamosi ijayo linaongezeka. Tena betri haipokei chaji kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho: ikikaribia kujaa inapokea kidogo kidogo, na ile asilimia 20 ya mwisho, ambayo ndiyo inayoyeyusha salfeti, inahitaji masaa. Hakuna dakika kumi inayofika huko. Juu ya hayo injini haijapata moto wa kutosha, mvuke unabaki maji ndani ya egzosi, na petroli isiyoungua inashuka kwenye oili. Gari linalowashwa hivyo mwaka mzima linaharibika vitu vitatu ili kuokoa kimoja, ambacho nacho hakiokoki.

Kama shemeji ana leseni na wewe una imani naye, mwambie alitoe. Safari ya saa moja au zaidi isiyo na foleni, tuseme kwenda Bagamoyo na kurudi, inafanya zaidi ya Jumamosi zote za kuungurumisha. Foleni haihesabiki. Anayetoka Tegeta hadi Mwenge asubuhi kwa mwendo wa kusimama na kusogea, taa na kiyoyozi vimewaka, anaweza kufika kazini betri yake haijaongezeka kitu cha maana. Ndiyo maana hata magari yanayotembea kila siku jijini hayana betri zilizojaa, na yakipumzishwa wiki moja tu yanagoma.

Dawa ya kweli ni nyepesi kuliko hiyo. Kwanza, kama gari litalala zaidi ya wiki mbili, chukua spana namba 10 ufungue kichwa cha hasi. Anza na hasi daima, maana spana ikigusa bodi ukiwa unafungua chanya utaona cheche ambazo hutazisahau. Ukishaitoa hasi, wezi wote wamekatwa na kinachobaki ni betri kujimaliza yenyewe. Hasara ni ndogo: redio itasahau stesheni, saa itarudi sifuri, vioo vingine vya umeme vitahitaji kufundishwa upya. Hasara moja si ndogo, nayo ni kwamba traka na alamu navyo vinaanza kuishi kwa betri zao za ndani, zisizodumu. Mwenye hofu ya wezi wa gari kuliko wezi wa umeme itabidi aende kwenye njia ya pili.

Njia ya pili ni kuilisha betri mahali ilipo. Chaja ndogo ya kisasa, inayojipunguza yenyewe betri ikijaa, inaweza kuachwa imeunganishwa. Umeme wake wa LUKU hauumizi: kuijaza betri ya ampea-saa 45 iliyobaki nusu hakufikishi uniti moja. Nyumba isiyo na soketi karibu na maegesho ina jua. Paneli ya wati 20 kwa jua letu inatosha kurudisha kile kinachoibwa kwa siku na kubakiza, hata mawingu ya masika yakipunguza mavuno. Hapa kuna mitego miwili. Paneli iwe na kidhibiti chaji, la sivyo jua la Februari litaichemsha betri. Pia zile paneli ndogo za kuchomeka kwenye tundu la kiberiti haziingizi kitu kwenye magari mengi ya Kijapani, kwa sababu tundu hilo linakatika ufunguo ukitolewa. Paneli inakaa kwenye dashibodi mwezi mzima imewaka kijitaa chake, betri inakufa chini yake. Iunganishwe moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, kupitia fyuzi.

Vipi kuhusu fundi betri wa barabarani, mwenye chaja kubwa na betri kumi zilizopangwa chini ya mwembe? Ana historia ndefu na anastahili heshima. Kabla nyaya za umeme hazijafika mitaa mingi ya pembezoni, betri ya gari ndiyo ilikuwa umeme wa nyumbani. Ilifungwa kwenye baiskeli, ikapelekwa kwa mwenye umeme, ikalala huko, ikarudi kuwasha redio na televisheni. Zilikufa haraka, kwa sababu betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, haikuundwa kumalizwa kila usiku, lakini fundi alijua kuchaji polepole. Shida ya sasa ni haraka ya mteja. Anataka betri baada ya saa moja, chaja inapandishwa, maji yanachemka, bamba zinapukutika. Mwachie usiku kucha kwa ampea 4 au 5 na umlipe kwa subira yake. Moto na sigara vikae mbali: gesi inayotoka kwenye betri inayochajiwa ni haidrojeni, na inalipuka.

Betri zenye vizibo zina suala la maji. Kinachopungua kwa joto ni maji, asidi inabaki. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji ya betri yaliyosafishwa, juu kidogo ya bamba, basi. Kuongeza asidi ili "iamke" ni kuila bamba. Maji ya kisima ni hatari zaidi, hasa kwetu, kwa kuwa visima vingi vya ukanda wa Pwani vina chumvi, na hata maji ya chupa ya kunywa yana madini ambayo betri haiyataki. Upepo wa bahari nao unaotesha ungaunga mweupe na wa kijani kwenye vichwa vya betri, Kunduchi na Mbezi Beach kuliko Chamazi. Maji ya moto yenye magadi yanauondoa; pangusa, kausha, paka grisi.

Neno kuhusu kusukuma. Zamani gari likigoma walikusanywa vijana watano, gia ya pili, likawaka. Magari tunayoagiza Japani sasa karibu yote ni otomatiki, na hayo hayawashwi kwa kusukumwa hata uite mtaa mzima. Betri ya gari la otomatiki haina mbadala isipokuwa kubusti, na kubusti kuna utaratibu: chanya kwa chanya kwanza, kisha hasi ya gari zima, na mwisho hasi ya pili ishikwe kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri yenyewe.

Ndugu wa karibu wa yale magari ya kambi ya Ulaya kwetu ni magari ya watalii, na mengi yao yanalala Aprili na Mei mvua zinapoharibu njia za mbugani. Yenye friji za vinywaji huwa na betri ya pili, na waliofanya vizuri wameweka betri ya aina tofauti, iliyoundwa kutoa kidogo kidogo kwa muda mrefu, ikitenganishwa na ya stata ili soda za wageni zisije zikalikwamisha gari Serengeti. Wanaohamia betri za lithiamu wanapata nafuu kubwa, kwa kuwa lithiamu haina salfeti na haichukii kukaa nusu. Inachokichukia ni kuchajiwa chini ya sifuri, tatizo la wenye theluji, na joto kali, tatizo letu. Usiiweke chini ya boneti.

Unaponunua betri mpya kwenye maduka ya Gerezani jijini Dar, jua kwamba betri inaanza kufa dukani. Iliyopangwa kwenye baraza la duka juani miezi minane imekwisha kuanza kujenga salfeti kabla hujailipia. Nenda na mita yako. Chini ya volti 12.4, iache hapo hapo na risiti yake.

Na ile ya zamani? Wanunuzi wa chuma chakavu wanaipenda kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Baadhi yao humwaga asidi mtaroni ili wasibebe uzito usio na bei, na watoto wa mtaa huohuo huchezea hapo. Tunajua mwisho wa njia hiyo unavyofanana, kwa sababu uko karibu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri chakavu kilifanya kazi hadi mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo na ambaye mwanawe alikutwa na sumu ya risasi mwilini, aliongoza mapambano dhidi yake na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha. Risasi ikishaingia kwenye ubongo wa mtoto hakuna hukumu inayoitoa.

Kila betri iliyokufa mwaka mmoja kabla ya siku yake ni kilo kadhaa za risasi zilizoingia kwenye msururu huo bila ulazima. Ukifika wakati wa kuitoa, irudishe ikiwa nzima na asidi yake kwa muuzaji anayepokea kuukuu na kukukatia bei ya mpya, na mkatalie yule anayetaka kuimwaga mbele ya geti lako hata akiongeza elfu mbili.